Kidonge cha Msusi

Ndani ya basi, msusi alimeza kidonge cha uzazi wa mpango. Mama aliyekaa naye akashindwa kujizuia. "Mwanangu, umeolewa?"

"Hapana, mama. Ni cha maumivu. Utando kama wa ndani ya mfuko wa uzazi umeniota nje yake. Kila hedhi nilikuwa nazimia."

"Kinaponya?"

"Kinatuliza tu. Kikishindwa, daktari kasema kuna kitanzi chenye homoni, au upasuaji."

"Sisi tulivumilia."

"Ili iweje, mama?"

Nyuma yao seremala, ambaye mkewe alikuwa amejikunja kitandani kwa maumivu ya hedhi tangu jana, alijifanya anatazama dirishani huku sikio lote likiwa mbele. Basi likasimama, msusi akashuka. Seremala akaruka nyuma yake. "Dada, samahani! Daktari huyo yuko wapi?"