Bwana Sogeza na Kitanda Kilichoota Mizizi

Marehemu, ambaye mtaani wengi mlimfahamu kwa jina la Bwana Sogeza, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi baiskeli na mama muuza mboga. Alikuwa mtoto mwoga. Anayesema hivyo ni dada yake mkubwa, naye yupo hapa, mnaweza kumwuliza.

Alianza shule mwaka 1959. Siku ya kwanza ya darasa la pili, mwalimu alimkuta amekaa kwenye dawati lake la darasa la kwanza, amelikumbatia kwa mikono miwili, ikabidi fundi baiskeli aitwe kutoka kazini aje kumbandua. Alimaliza sekondari mwaka 1970 akiwa na alama nzuri na woga uleule.

Mwaka 1971 aliajiriwa kuunganisha simu katika jengo la posta. Alikaa na wenzake mbele ya ubao mkubwa wenye matundu, wakichomeka waya na kuchomoa, na wateja aliwajua kwa sauti zao. Mwanzoni mwa 1983 mkuu wao alitangaza kwamba inakuja mashine ya kuunganisha simu yenyewe, na anayetaka kujifunza aandikishe jina. Karibu wote walicheka. "Mashine itajuaje kama daktari anataka hospitali au anataka nyumbani?" aliuliza marehemu, na wenzake wakampigia makofi. Mashine ilifika Septemba. Haikuhitaji kujua. Marehemu alirudi nyumbani, akakaa kwenye kochi karibu mwaka mzima, pembe ileile, hata mto ukabonyea umbo lake.

Wakati huo alikuwa tayari mume wa mtu. Tarehe 18 Novemba 1978 alifunga ndoa na fundi cherehani aliye mjane wake leo, na mwaka ule wa kochi ni cherehani iliyolisha nyumba. Mkewe hakumsema. Siku moja tu, akitafuta pa kutandaza kitambaa, alimwambia, "Baba watoto, hebu sogea." Akasogea. Wiki hiyohiyo alikwenda kuomba kufundishwa kutengeneza friji na kijana ambaye angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho.

Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi, alihamisha vyombo vya nyumbani. Kabati lilikwenda ukutani kwingine, meza ikafuata mlango, na mtoto aliyelala kushoto alilala kulia. Mkewe, mtu wa kila kitu mahali pake, alilalamika: "Usiache mbachao kwa msala upitao."

"Mbachao wangu ulichukuliwa, Fundi," alijibu, "tena nikiwa nimeukalia."

Shemeji yake mkubwa, aliyezoea kuingia na kujitupa kwenye kochi bila kutazama, siku moja alijitupa sakafuni. Marehemu alimwinua kwa heshima zote. "Pole, shemeji. Uwe unaangalia kwanza."

Watu walidhani anapenda mabadiliko. Hakuyapenda hata kidogo. Taarifa ya habari aliisikiliza amesimama, kama mtu anayesubiri kuitwa na polisi. Alipofikisha miaka sitini alijifunza viyoyozi, amekaa katikati ya vijana, na asubuhi za mafunzo hakuweza kumeza hata chai. Alijizoeza kupiga mswaki na kushika bisibisi kwa mkono wa kushoto, endapo wa kulia ungemkatalia. Watoto wake walimcheka, kisha wakirudi kwao walikosa usingizi, maana hofu ya mzazi huambukiza.

Kitu kimoja tu hakikuwahi kuguswa, nacho ni kitanda cha wenyewe. Marehemu alitaka kiwekwe dirishani penye hewa. Mkewe alisema dirishani kuna vumbi na kelele za barabarani, na hapo hapakuwa na mjadala.

Juni 2021 marehemu alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukakataa kweli. Wa kushoto ulikuwa tayari. Ila vyombo hakuweza tena kuvisukuma, na nyumba ikatulia. Mkewe alifurahi kwa miezi michache, halafu akaona jinsi marehemu alivyoitazama kila mwisho wa mwezi.

"Fundi, kitanda hiki kimeota mizizi," alimwambia moyo wake ulipoanza kudhoofika mwaka jana. "Nikienda, utaiacha nyumba igande? Ukae kwenye pembe kama nilivyokaa mimi?"

"Usiniletee uchuro."

"Hujanijibu."

Marehemu alifariki dunia Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, saa nne asubuhi, bila jibu hilo. Tangu siku hiyo mjane aliketi upande wake wa kitanda, akakataa shuka zibadilishwe, akakataa mto wa marehemu uguswe. Watoto walinong'ona jikoni kama ataweza kukaa peke yake, au wamchukue kwa nguvu. Hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, na shemeji ambaye hadi leo hutazama kabla ya kukaa.

Hapo ndipo karatasi mlizoshika zinapoishia, kwa kuwa zilichapwa jana. Leo asubuhi, kabla hatujatoka kuja hapa, mjane alimwita binti yake mkubwa, anayewasomea maneno haya, pamoja na shemeji. Walimkuta amesimama, shuka amezikunja, mikono yake imeshika ubao wa kitanda.

"Mnasubiri nini?" alisema. "Shikeni upande ule."

Kilikuwa kizito. Kiliacha alama nne sakafuni, naye alizitazama kwa muda, akalia, kisha akaomba ufagio.

Baba, kitanda kiko dirishani. Pumzika kwa amani.