Hedifoni za Mama Mkwe

Benchi limeegemea ukuta wangu, chini kabisa ya dirisha la sebule, na kahawa yao nawauzia mimi. Kwa hiyo wataalamu wa mtaa huu nawasikia nitake nisitake. Jumapili niliwapa kazi. Mama mkwe wangu masikio yamechoka. TV anaifungulia mpaka vikombe vinatetemeka kabatini, na binti yangu ana mtihani Jumatatu ijayo. Nikanunua hedifoni zisizo na waya na kidude cha kurusha sauti, kile kinachochomekwa nyuma ya TV, nayo TV yenyewe ikanyamaza. Wakaingia watatu, wakazijaribu, wakatoka wanapongezana. Leo Alhamisi mama mkwe amezivua, kachomoa na kidude, TV inanguruma upya. Nikatoka na birika.

— Wataalamu, kwenye TV bibi harusi analia, kwenye hedifoni mtu anapiga kelele "kona!" Siku ya nne hii.

— Hilo dogo, alisema Mhandisi, ambaye hutengeneza miavuli. — Sauti ikitoka kwenye TV inagonga ukuta. Inachoka.

— Inachoka halafu inatangaza mpira?

— Shemeji, uchovu una mambo mengi.

Profesa, karani mstaafu, akakohoa kidogo ili tunyamaze.

— Sauti za mpira ni nzito, zinatua chini. Za mapenzi ni nyepesi, zinapaa. Mama yetu anakalia kiti kifupi. Mpandishe.

— Nimpandishe wapi, Profesa? Juu ya kabati?

— Mto mmoja unatosha. Miwili kukiwa na dakika za nyongeza.

Mchambuzi, mpenzi wa mpira, hakuinua macho kwenye simu yake.

— Nyie mnacheza. Mwenye matatizo ni mimi. Simu bubu tangu Jumapili! Mechi naitazama kama samaki kwenye chupa.

— Si Mhandisi aliiangalia?

— Kasema vumbi.

— Vumbi la ndani, alisahihisha Mhandisi. — Tofauti kabisa na hili la nje.

Binti yangu akachungulia dirishani.

— Mama, sentensi moja nimeisoma mara sita.

— Umesikia? nikamwambia Mhandisi. — Nataka dawa, sitaki mhadhara.

Wakanong'onezana. Dawa ikapatikana: watoboe ukuta wa sebule, tundu moja tu, la kuipunguzia sauti mizunguko.

— Tundu hilo si nitapitisha waya tu, yaishe?

Wakanitazama kama nimewatukania mama zao.

— Waya! Profesa alisema. — Zama hizi, shemeji?

Ndipo akafika dada anayesambaza mitungi ya gesi. Akatua mtungi wangu mlangoni, akaomba kikombe, akasikiliza nusu ya mjadala wa tundu. Akaitazama ile mechi bubu mkononi mwa Mchambuzi. Akalitazama dirisha.

— Samahani, kaka zangu. Jumapili hizo hedifoni mlizijaribu kwa simu ya nani?

Mhandisi akaanza kukagua mwavuli ambao hauna tatizo. Profesa akaona kitu cha kusoma ndani ya kikombe. Mchambuzi alifunika simu yake kwa kiganja, taratibu.

Nilimpokonya, nikazima blututhi. Simu ikapayuka "Anapiga shutiii!" mpaka Mchambuzi mwenyewe akaruka. Nikaingia ndani, nikachomeka kidude, nikamvalisha mama mkwe hedifoni. Sebule ikanyamaza. Nilisikia penseli ya binti yangu ikiandika.

Nilikuwa nimerudi nje, namimina kikombe changu cha kwanza cha siku, mama mkwe alipotoa kichwa dirishani.

— Mke wa mwanangu! Huyu bibi harusi ananong'ona tu, simsikii! Nirudishieni yule wa kona. Yule namsikia. Na timu yetu ilikuwa inaongoza.

Sikujadiliana na mtu. Simu ya Mchambuzi nilikuwa nayo bado; niliwasha tena blututhi, nikampa mama mkwe pale pale dirishani.

— Shemeji, hiyo ni simu yangu! Mchambuzi alilia.

— Itarudi Jumatatu, mtihani ukiisha. Ukitaka matokeo, gonga dirisha. Polepole.