Kitanda Mlichonikodia

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na wewe mke wa kitinda mimba wangu acha kusimama hapo kizingitini kama mtu aliyeleta maziwa, ingia ukae hapa miguuni pangu, wala usimwangalie mtu usoni kuomba ruhusa. Baba yenu yupo kwenye kiti chake na anasikia, ingawa anajifanya amesinzia kama alivyojifanya miaka yote kila mlipoanza kugombana. Nikinyamaza katikati msidhani nimemaliza, mkaanza kulia kabla ya wakati wake.

Ya mali ni machache. Nyumba hii ni ya baba yenu mpaka siku yake, asije mtu kupima ukuta akiwa hai. Chumba cha mbele na vyerehani vyote ni vya binti yangu, kwa kuwa ndiye peke yake aliyekubali kukaa chini akajifunza kukata suruali bila kuharibu kitambaa cha watu. Meza ya kukatia achukue kitinda mimba, aliiranda kwa mikono yake. Wewe kifungua mimba wangu Mungu amekujalia duka la vipuri na gari, sina cha kukuongezea, nawe najua hukungoja kitu kwangu. Basi, ya vitu yameisha, nije kwenye linaloniwasha.

Nasikia mnawaambia wageni kwamba mama anakwenda kwa ajili ya kifua. Si kweli, na sitaki kuzikwa na uongo. Kifua kilikuwa kinapona. Baba yenu aliponipeleka hospitali ile ya zamani, yenye wodi ndefu na madirisha makubwa, nilikuwa siwezi kumaliza sentensi moja bila kuhema, wakasema ni nimonia. Yule daktari binti mwenye viatu vya raba akanipa dawa ya mshipa na oksijeni, na asubuhi yake, mimi bado natweta, akaja na muuguzi wakaniketisha kwenye kiti. Nilimchukia, wanangu. Nikamwambia mimi ni mgonjwa, sijaja harusini, akacheka, akasema, "Dawa nimekupa, mama. Nusu iliyobaki iko kwenye miguu yako."

Chakula nikala nimekaa. Nilipoweza kunywa maji kwa mkono wangu, dripu wakaitoa. Mpira wa mkojo hawakunitia kabisa, daktari alisema mpira ule ni mlango wa vijidudu, heri muuguzi anishike mkono kwenda chooni hata kama ni mara kumi. Usiku, walipoona nimetulia, hawakuniamsha kunipima presha. Asubuhi pazia linafunguliwa, miwani ninavaa, naulizwa leo siku gani na nani anatawala nyumbani kwangu, mimi au mzee, kwa sababu mtu wa umri wangu akiachwa gizani bila miwani wala usingizi, akili humtoka mwili ukiwa bado upo. Mama yangu mzazi alilazwa wodi hiyohiyo enzi zile amri ilikuwa lala usiinuke, aliingia kwa miguu akatoka amebebwa. Nilimweleza daktari, naye hakuficha: alisema wauguzi na madaktari waliotangulia walifanya walivyofundishwa, lakini siku hizi wamewafuatilia wagonjwa wengi wakaona kwamba kitanda nacho kinaua, tena mzee ndiye kinamuua upesi.

Na nani alikuwa akinitembeza? Huyu hapa miguuni pangu. Akitoka shuleni anakofundisha watoto wadogo, chaki bado iko kwenye kucha, anakuja moja kwa moja, anamuuliza daktari kila kitu bila haya, kisha ananishika kiunoni. Kwanza tulifika kwenye sinki, nikarudi nimelowa jasho. Halafu tukafika kitanda cha jirani. Mwisho tukafika dirishani, tukatazama mashuka yanavyoanikwa kule nyuma, nikamwambia lile la tatu kutoka kushoto limepinduliwa, pindo liko nje. Tulicheka mpaka nikakohoa. Hapo nilijua nitarudi kwenye cherehani changu.

Ndipo mkaja. Wewe mkubwa uliingia na shangazi zako saa ya kuwaona wagonjwa, ukakuta kitanda kitupu, ukageuka ukaniona kwenye korido nimemwegemea mtu ambaye ulikataa hata kula harusi yake. Dada yako akaanza kulia kwamba mama ametelekezwa, hana hata dripu. Daktari akawakalisha, akawaeleza polepole kwamba dawa sasa itakuwa ya vidonge na kwamba siku chache zinatosha, dozi ndefu haiongezi kupona. Akasema tena. Lakini ninyi mlisikia neno vidonge, mkaona mama yenu anatibiwa kimaskini. Kwenu ninyi mgonjwa anayetibiwa ni yule aliyelala chali na kitu kinaning'inia juu ya kichwa chake. Mkwe wangu akasema neno moja tu, "Shemeji, mama anapata nafuu, tumwache." Na wewe ukamjibu wodi nzima ikisikia, "Wewe umekuja juzi. Huyu ni mama yangu, si mama yako."

Neno hilo nimelibeba mpaka leo, na leo nakurudishia.

Mkanihamishia hospitali ya kulipia, mkanikodia kitanda chenye pazia, friji na televisheni. Wale watu siwalaumu sana, waliwauzia mlichotaka kununua. Mlitaka dripu, nikapata ya mikono yote miwili. Mlitaka nipumzike, wakanitia mpira wa mkojo na nepi, wakainua vyuma vya pembeni, na kila nilipotaka kushuka wakasema tulia bibi, utaanguka. Nikilia usiku nachomwa sindano ya usingizi. Binti yangu ukanipiga picha ukaiweka kwenye kundi la familia, ukaandika mama anapata huduma nzuri, ndugu wakajibu kwa viganja vya dua. Mwanangu, kwenye picha ile sijalala. Nilikuwa nimepotea. Nilikuwa namtafuta mama yangu chini ya shuka, nikamwita kaka yako kwa jina la mjomba wake marehemu, naye akacheka ili asilie.

Akili iliporudi nikaitafuta miguu, sikuikuta. Miguu iliyokanyaga cherehani mkasoma nyote watatu, leo haiwezi kusukuma blanketi. Kidonda kilichoko mgongoni mnakijua, mnaponigeuza naona mnavyobana pumzi. Homa hii imepandia kwenye ule mpira. Daktari anayekuja hapa nyumbani ameniachia dawa ya maumivu akaniambia nile ninachotamani, na mtu mzima akiambiwa hivyo huelewa.

Najua mlinipenda, na hilo ndilo linaloniuma, kwa maana angekuwa adui ningemlaani nikalala usingizi wangu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema kwamba asiyesikia anaweza kuwa mtoto, na guu likawa la mama yake.

Ngojeni nipumue.

Sasa baba yenu. Mnaona miguu inavyovimba, mnaona anavyopumzika akipanda hivi vingazi vitatu vya mlango. Atalazwa. Huenda mwaka hautaisha. Naye ni mtu wa kudekezwa, nimemjua tangu ujana, mafua tu humlaza kama maiti, na mkimkodia kitanda chenye pazia atafurahi, atawashukuru, kisha atakufia humohumo akiwashukuru. Kwa hiyo haya ndiyo ninayousia, na mengine yote yalikuwa utangulizi. Siku baba yenu akilazwa, atakayezungumza na madaktari, wa kukubali na wa kukataa, ni huyu mkwe wangu hapa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Si binti yangu, si mumewe, na zaidi ya wote si wewe mkubwa. Wewe utaleta chakula, utakaa naye, utamsomea habari za mpira. Daktari akisema ainuke, utamshika upande mmoja na shemeji yako upande wa pili. Wakisema mpira wa mkojo utoke, usiuombe urudi. Akiuliza mtu mbona mzee hana dripu, mjibu kwamba anakunywa maji.

Mzee, fumbua macho, najua hujalala. Umesikia? Sema kwa mdomo, wasije wakasema ulitikisa kichwa kwa usingizi.

Haya. Amesema ndiyo. Mmesikia wote.

Usiseme kitu, mwanangu. Nayaona machozi yako, na ningekuwa na nguvu mkononi ningekufuta. Usiape, usinieleze ulikusudia nini, nalijua kusudi lako kuliko wewe. Wewe ndiye uliyeniita mama kabla ya mtu mwingine yeyote duniani. Radhi zangu nakupa, zote, sijabakiza hata chembe. Baba yako sikupi.

Nizikeni mapema... msingoje watu wa mbali. Picha ile ifuteni. Mungu awakalishe meza moja... awaondolee kiburi, awape watoto wanaosikia. Ninyi wawili, wewe mkubwa na mkwe wangu, salimianeni leo, hapa, nikiwa naona. Mkono. Ndiyo... hivyo.

Mkwe wangu, sogea. Zaidi. Akilazwa, asubuhi mzee atakuambia amechoka. Usimsikilize. Atasema mguu unauma... atanitaja mimi, atasema mke wangu angenihurumia. Mwambie nilikutuma. Mwinue. Atakukasirikia sana, mwanangu... mwache akasirike. Akasirike amesimama.