Akina Victorine Wawili wa Januari Mosi

Hadithi hii alinipa Amisa, muuza vitenge wa mtaa wa Bellevue, aliyeisikia yote mlangoni kwake. Pale konani, mbele ya mlango huo, karibu na robot, zile taa za barabarani, kuna benchi. Bakiri wa Tanga anauzia kahawa chungu hapo, na Wakongo wawili hawabanduki: Pitchou, mlinzi wa geti, wanamwita Waziri; Alexis kinyozi wanamwita Satelaiti, maana hakuna asilolijua. Jioni moja akaja Victorine msusi, Mkongo mwenzao, watoto wawili wamemshika sketi. Nyumba anayopanga imeuzwa, kesho lazima atoke. Chumba kingine alishakipata, ajenti akamnyima.

— Ripoti ya mikopo inasema nilikopa makochi na friji, nikakimbia. Mimi! Hayo makochi nimeyaficha wapi, kwenye wigi?

— Huyo ajenti iko na njaa tu, Waziri akasema. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Methali hiyo na makochi wapi na wapi?

— Si yeye ndiye mwenyeji? Anataka kupona!

Victorine akacheka kidogo.

— Ajenti hana kosa, Satelaiti akasema. Kuko watu banauza majina yetu kule Fordsburg. Kwa kilo, kama mchele.

— Kwa kilo!

— Ndiyo. La mwanamke bei juu.

— Acheni ujinga, Bakiri akasema. Huyo jini. Jini wa pwani hawezi joto, lazima akope friji.

— Kaka zangu, Victorine akasema, niliwapigia simu wenye ripoti. Wanasema kuna Victorine mwingine, jina la ukoo lilelile, mwaka uleule, naye kazaliwa Januari mosi. Wametuchanganya.

Waziri akashusha kikombe. Maana, wajukuu zangu, wale waliofika bila karatasi, ofisi ya wakimbizi iliwaandikia tu kuwa wamezaliwa Januari mosi. Waziri, Januari mosi. Satelaiti, Januari mosi.

— Eish, Waziri akasema. Kumbe sisi wote mapacha.

Hakuna aliyecheka.

Hapo Nomsa alikuwa amesimama anangoja kahawa yake. Mgeni pale benchini, ila mwenyeji wa nchi. Baba yake alikuwa mpigania uhuru huko ukimbizini, mama yake wa Morogoro, kwa hiyo Kiswahili anacho.

— Samahani dada, nimesikia. Si uwaambie siku yako ya kweli, wakutenganishe na huyo mwenzio? Ulizaliwa lini hasa?

Victorine akajaribu kukumbuka. Mama yake alimwambia tu ilikuwa wakati wa maharage, mvua kubwa, mkunga akavushwa mto mgongoni mwa mtu. Mama yuko chini ya udongo Uvira. Mashangazi nao, vita viliwamaliza. Akamtazama Waziri. Waziri akatazama kikombe chake. Satelaiti naye, siku hiyo, hakujua.

— Sijui, mama, Victorine akasema. Hakuna anayejua.

Akawashika watoto mkono, akaondoka.

Mnaniuliza kesho yake walilala wapi? Amisa hakuniambia, na mimi sikuthubutu kumuuliza. Haya, sogeleaneni, mvutieni blanketi na mdogo wenu. Laleni.