Msinizike Bila Yeye

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Wewe mwalimu, funga hilo daftari. Nyumba ni yenu nyote, na zana zangu za useremala mtagawana, hilo halina maneno. Ninalotaka kusema linamhusu yule mnayemwita Sugu, mtoto wa marehemu dada yenu. Jana wewe dereva ulisema hana fungu, kwa kuwa amefungwa mara tatu na hasikii. Mlidhani nimelala. Macho yamechoka, masikio bado.

Alipokamatwa mara ya kwanza, kwa simu aliyopora kituo cha basi, alikuwa na miaka kumi na minne. Mama yake alikwenda kumwona kila Jumapili, mpaka homa ilipomlaza, na siku ya nne akatutoka. Msimamizi wa mahabusu ya watoto alinipigia mwenyewe: “Mzee, naweza kumleta mazikoni kwa saa moja.” Nikamjibu, “Mwacheni hukohuko, asije na askari akatutia aibu mbele za watu.” Ninyi niliwaambia wamekataa. Wanangu, hawakukataa. Nilikataa mimi, na nikawaomba wasimwambie kitu.

Alitoka baada ya miezi miwili, amebeba kigoda alichofundishwa kutengeneza huko, miguu hailingani, akaingia uani anaita, “Mama! Njoo ukikalie!” Nami nilikuwa karakanani, nikaendelea kupiga randa, sijui pa kuanzia. Jirani ndiye aliyemwambia.

Wiki ya pili akaiba redio dukani, mchana kweupe, akakaa palepale kungoja askari. Nilikwenda kumgombeza, nikamuuliza nyumbani anakosa nini. Akasema, “Babu, nikiwa humu ndani, naona kama mama bado yuko nyumbani.” Sikurudi tena kumwona, hata alipofungwa mara hii ya tatu. Niliogopa.

Basi sikilizeni. Chumba cha mama yake ni chake, na fungu lake ni sawa na lenu. Nikikata roho, mmoja wenu aende gerezani siku hiyohiyo, amwambie uso kwa uso, amwombee ruhusa. Wakisema kesho, ningojeni mpaka kesho. Msinizike bila yeye. Na mumwambie... niinueni kidogo... mumwambie ni mimi niliyekataa. Akikasirika, mwacheni akasirike. Asiponililia, msimlazimishe.

Mungu awatunze, awalainishie mioyo, ninyi na yeye... na watoto wenu... Wewe dereva, nishike mkono. Sema utakwenda. Sema, nisikie.