Bi Samiha na Maabara Isiyofungwa

Tarehe 31 Julai 2026, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha kemia, Mwalimu Samiha Aidarus anastaafu. Miaka ishirini na miwili kati ya hiyo ameitumia hapa kwetu, Shule ya Upili ya Kwa Fondo, Changamwe, akishindana zaidi na walimu wenzake kuliko alivyowahi kushindana na mwanafunzi.

Ugomvi ulikuwa mmoja: kwa nini kemia ni ngumu? Sisi walimu tulikuwa na majibu tele. Watoto ni wavivu. Hisabati zao dhaifu. Kiingereza kinawapiga chenga. Moli, kile kipimo cha kuhesabia chembe za kemikali, haionekani kwa macho. Bi Samiha alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole mbona maabara imetiwa kufuli mpaka mtoto afike kidato cha nne. Sababu yetu ilikuwa woga wa vyombo kuvunjika tu. Shule nyingi hufanya hivyo hadi leo, halafu matokeo yakitoka humlaumu mtoto. Hiyo ni aibu, wala haina jina jingine.

Mpinzani wake mkuu alikuwa Mwalimu Absalom, aliyeshikilia kwamba wadogo wamalize nadharia kwanza. Siku moja shule ilipoandaa chakula cha wageni, mchuzi uliojaa bizari ya manjano ukamwagikia shati lake jeupe. Akakimbilia bombani na sabuni. Doa likageuka jekundu. Bi Samiha hakumpa nafasi ya kubadili nguo. Alimvuta hadi kidato cha kwanza, akamsimamisha mbele ya darasa, akawauliza wafanyeje.

"Tia ndimu, mwalimu! Litarudi manjano!" akapaza sauti Mwanatatu, ambaye mamake hupika harusini.

Likarudi. Darasa likalipuka kwa vifijo, na kabla ya kipindi kwisha watoto wale walikuwa wakibishana kuhusu asidi ya ndimu na besi ya sabuni kama mawakili. Absalom alicheka mpaka akashika meza.

"Bi Samiha, umeniweza. Haya, fungua hiyo maabara!"

Ikafunguliwa wiki ile ile. Moli nayo aliifundisha kwa mizani: muuza maharagwe wa soko la Kongowea hahesabu punje, anapima, mkemia naye ni vivyo hivyo. Vyombo vilivunjika, ndiyo. Hofu nayo ilivunjika, na baadhi ya wale watoto leo wanapima mafuta na saruji katika viwanda vya hapa hapa Changamwe.

Mwaka huu Gredi ya Kumi, wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya, walipofurika, pendekezo la kuwafungia wadogo maabara lilirudi mkutanoni. Bi Samiha aliingia akiwa na wasiwasi, akijua hatakuwapo tena kuwatetea. Aliyesimama kulipinga, kwa ukali uliotufurahisha sote, ni Absalom, mkuu mpya wa idara. Pendekezo likaanguka. Wadogo wataendelea kuingia.

Ahsante, Bi Samiha. Tunakuombea afya, wajukuu wa kukusumbua huko Kisauni, na asubuhi ndefu zisizo na gwaride la shule. Maisha yawe matamu kwako, inshallah.