Kibonyezo Alichokisaidia Mama

Ndugu, jamaa, majirani na wanafunzi wake, marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Kinanda, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe, na maneno haya yameandikwa na binti yake mkubwa, ila yanasomwa na mjomba kwa sababu binti ameshindwa.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1993, akaanza sekondari Januari 1994, akachagua somo la muziki, na kinanda pekee cha shule kilikuwa na kibonyezo kimoja cha katikati kilichokufa, kwa hiyo mwalimu wao aliwazoeza kwamba wakifika hapo waiimbe ile sauti kwa mdomo, wakazoea hata wakasahau kuwa ni kasoro. Tarehe 6 Novemba 1997 alifanya mtihani wa vitendo shule ya jirani, kwenye kinanda kizima, naye akaimba vilevile, mpaka msimamizi akamuuliza amekuja kupiga au kuimba, akajibu kwa adabu zote kwamba amezoea kukisaidia, ukumbi ukaangua kicheko, na akafaulu.

Baada ya chuo cha ualimu aliajiriwa tarehe 8 Januari 2001 katika shule ileile aliyosoma, chumba kilekile cha kona, kinanda kilekile, akafunga ndoa tarehe 17 Desemba 2005 na dereva wa malori, wakajaliwa binti tarehe 2 Septemba 2008 na mtoto wa kiume tarehe 11 Juni 2014. Binti naye alichagua muziki, darasani akimwita mama yake Mwalimu kama wenzake, nao wakamtania kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, ila huyu kang'olewa jino, kama kile kinanda.

Februari 2024 figo zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, baba yuko safarini, na mwezi Julai binti akaacha shule akiwa kidato cha tatu ili amuuguze, jambo ambalo mama hakulikubali hata siku moja, akisema kumshika mkono hata muuguzi anaweza, lakini hakuna muuguzi atakayemfanyia binti mtihani. Basi ili kumtuliza, binti alifanya mazoezi pembeni ya kitanda cha hospitali, vidole juu ya shuka, kimyakimya, na kila akifika kwenye kile kibonyezo, mama, macho kayafumba, aliiimba ile sauti moja.

Alhamisi tarehe 8 Mei 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, binti alifika hapo, akasubiri, akadhani mama amechelewa tu, akarudia tangu mwanzo, akasubiri tena, mpaka muuguzi akaja akavifunika vidole vyake kwa kiganja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliompikia mdogo wa binti miezi yote hiyo, walimu wenzake marehemu waliofundisha vipindi vyake bila kunung'unika, na mwalimu mkuu ambaye hakulifuta jina la binti kwenye daftari la mahudhurio. Mama, ule ubishi umeshinda wewe, Jumatatu binti yako anarudi darasani, na kwenye kile kibonyezo ataimba mwenyewe, akiweza.

Pumzika kwa amani, Mwalimu.